Foleni za hospitali hazimalizwi na daktari mmoja zaidi

MGONJWA wa Bukundi, wilayani Meatu, anayepewa rufaa kwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, huanza safari kabla ya mapambazuko. Akifika hospitalini huanza safari nyingine: mapokezi, dirisha la malipo au bima, chumba cha daktari, maabara, kisha kurudi kwa daktari na hatimaye dirisha la dawa. Majibu ya maabara yakitoka baada ya saa za kliniki, hana budi kutafuta pa kulala au kurudi nyumbani bila tiba.

Kilio kinachosikika katika hospitali nyingi nchini ni uhaba wa madaktari. Uhaba huo upo. Hata hivyo, daktari akiongezwa ilhali maabara imebaki vilevile, foleni huhama tu kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Wagonjwa watamwona daktari mapema, kisha watarundikana wakisubiri vipimo.

Hapo ndipo umuhimu wa uigaji kwa kompyuta unapojitokeza. Programu hujenga hospitali ya kufikirika yenye idara, watumishi na wagonjwa wanaofika kama wanavyofika wale halisi. Uongozi hujaribu mabadiliko humo kwanza, kabla ya kutumia hata shilingi moja au kumhangaisha mgonjwa yeyote.

Elimu hiyo si ngeni. Agner Krarup Erlang wa Denmark alichapisha hesabu za mawasiliano ya simu mwaka 1909. Mwaka 1952, Norman Bailey wa Uingereza aliiga foleni za kliniki kwa kutumia namba za kubahatisha.

Hesabu hizo hufichua jambo lisilotarajiwa na wengi. Tuseme maabara ina uwezo wa kuhudumia wagonjwa 10 kwa saa, nao wanafika 9 kwa saa bila mpangilio. Katika mfano rahisi wa foleni ya namna hiyo, kila mmoja atakaa hapo wastani wa dakika 60. Uwezo ukipanda hadi wagonjwa 12, wastani hushuka hadi dakika 20. Hata bila kuongeza mtumishi, ratiba ikipunguza wanaofika hadi 8 kwa saa, wastani huwa dakika 30. Nyongeza ndogo, ikiwekwa mahali panapostahili, huleta nafuu kubwa.

Tanzania imekwisha kuonja matunda ya mbinu hii. Utafiti wa Ivor Langley na wenzake, wakiwamo Watanzania, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet Global Health, uliiga safari ya wagonjwa wa kifua kikuu na sampuli zao, tangu vipimo hadi matibabu. Ulionyesha kuwa kueneza kipimo cha Xpert nchi nzima kungeleta manufaa yanayolingana na gharama, ingawa kungehitaji fedha nyingi zaidi. Hadubini za taa za LED zenye kutoa majibu siku hiyohiyo zilionekana kuwa njia mbadala ya bei nafuu.

Pamoja na hayo, kompyuta haifanyi miujiza. Ikilishwa takwimu za uongo, itatoa majibu ya uongo kwa haraka. Inahitaji kujua mgonjwa alifika saa ngapi, alipimwa saa ngapi na aliondoka saa ngapi. Mifumo ya kielektroniki kama GoTHOMIS, inayotumika katika vituo vya Serikali, inaweza kuwa chanzo cha takwimu hizo, mradi kila hatua iingizwe inapofanyika badala ya kujazwa kwa pamoja jioni.

Aidha, kompyuta haiamui nani astahili kutangulia. Hospitali ikifikiria kuwapima kwanza waliotoka mbali, programu itaonyesha dakika ambazo wakazi wa mjini watapoteza na idadi ya wasafiri watakaopata majibu kabla ya jioni. Kupima haki ya mpango huo kutabaki kazi ya binadamu.

Kwa mkulima aliyeacha shamba lake la pamba Bukundi, tofauti ya saa moja kwenye foleni inaweza kuwa tofauti kati ya kurudi na dawa na kurudi na karatasi ya miadi. Asiyekuwa na nauli ya safari ya pili huenda asirudi kabisa.