Tusafiri Pamoja Kabla ya Msiba

Huku kwetu Kyela, ukiona mume na mke wa makamo wamepanda gari moja asubuhi, mama kajitanda kitenge, baba kavaa koti, usiwaulize waendako. Wape pole kwanza. Mwanamume huenda Mbeya peke yake kufuata pembejeo. Mwanamke huenda Tukuyu peke yake kumwangalia binti aliyejifungua. Wote wawili wakifunga mlango na kuondoka pamoja, majirani wa Katumba Songwe wanajua kwamba mahali fulani kuna kaburi linachimbwa.

Nimeolewa miaka 30. Na mume wangu nimefika Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, kumzika shangazi yake. Tumefika Ileje, Busokelo na Chunya, kote huko kwa sababu ya misiba. Nimewapeleka wanafunzi wangu Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya mwamba, nikasimama pale na watoto wa watu nikiwaeleza jinsi volkano ilivyofanya kazi yake. Baba wa watoto wangu hajawahi kusimama pale na mimi.

Sisemi tuache kuzikana. Kuzikana ndiko kunakotuweka pamoja, na si jambo la jana. Godfrey Wilson, mtafiti Mwingereza aliyeishi huku miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1939 andiko zima juu ya desturi za mazishi za Wanyakyusa, jinsi watu walivyokusanyika, walivyolia na walivyocheza ngoma. Anayesoma andiko hilo leo atawatambua babu zake, na atajitambua mwenyewe. Ninachodai ni kwamba ndoa nayo ina haki ya safari, wenye ndoa wakiwa wazima, wakiwa na miguu ya kutembea na meno ya kutafuna samaki.

Julai iliyopita tulitimiza hiyo miaka 30. Tulifunga ndoa Julai kwa sababu mpunga unakuwa umeshavunwa na watu wana chakula ndani. Watoto walikuwa wameshafungua kundi la WhatsApp na kuunda kamati. Palitajwa ukumbi, keki ya ghorofa tatu, mshereheshaji kutoka Mbeya, sare za kitambaa cha bluu, na kiwango cha mchango kwa kila ndugu. Nawaelewa. Mwaka 2024, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipoharibika na bei ya kakao ikapaa duniani kote, hata kilo moja hapa Kyela ikapita shilingi 20,000, familia nyingi zilionja fedha ambazo hazikuwahi kuzishika. Kuna waliojenga, kuna walionunua pikipiki. Wengi wetu tulifanya sherehe, maana sherehe ndiyo njia tunayoijua ya kuwaonyesha watu kwamba tumefika.

Mume wangu akaniuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe unataka nini?" Ndivyo anavyoniita tangu siku za uchumba, na hata sasa nimestaafu hajabadilisha. Nikamwambia nataka kwenda Matema, mimi na yeye tu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Matema kuna nini?" Uso wake ulishaingiwa na huzuni. Alikuwa anasubiri nimtajie jina la marehemu.

Tuliondoka kwa pikipiki anayoendea shambani, kila mtu na kofia yake ngumu, mkoba wa nguo umefungwa nyuma. Tukapita Kyela mjini, tukajaza mafuta, tukafika Kikusya, tukaingia kwenye lami inayokwenda Matema kupitia Ipinda, kilomita 39 hivi. Wanaoikumbuka njia hii kabla ya lami wanajua masika ilivyokuwa. Ilikuwa matope, watu wanashuka kwenye gari na kulisukuma, wengine wanalala njiani. Leo baiskeli zinapita na magunia ya mpunga bila kuyumba.

Hatukuwa na haraka, na hapo ndipo nilipoanza kumfahamu mwenzangu upya. Kila penye shamba la kakao alitaka kusimama. Alishika majani, akatazama maganda, akauliza wenyewe wanavundika siku ngapi kabla ya kuanika. Harufu ya kakao iliyoanikwa ilitufuata kutoka ua hadi ua, ile harufu kali yenye uchachu inayoshika hata nguo. Kwenye daraja la Mbaka alizima pikipiki. Akaniambia kwamba akiwa mvulana alipita njia hii na baba yake kwa baiskeli, wamebeba mpunga wa kubadilishana kwa vyungu na samaki, na kwamba baba yake alimwonyesha mahali pa kuvuka ambapo hapakuwa na mamba. Alinionyesha mahali penyewe. Ni miaka 30 tumekula wali mmoja, na habari ya safari ile sikuwahi kuisikia. Haikuwa siri. Nyumbani haikuwahi kupata nafasi, kwa sababu nyumbani tunazungumza ada, dawa ya ng'ombe na bati linalovuja.

Kuna waliowahi kututazama kwa makini katika jambo hili la mume na mke. Huyo Godfrey Wilson hakuwa peke yake. Alikuwa na mkewe, Monica, aliyemwoa mwaka 1935, nao walifanya kazi Unyakyusa hadi 1938, mume akiwasikiliza zaidi wanaume, mke akiwasikiliza wanawake. Walichoeleza ni kwamba wazee wetu walijenga vijiji kwa rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakazeeka pamoja, na raha ya mwanamume ilikuwa kula na kunywa na wenzake wa rika. Mke alikuwa na shamba, watoto, wanawake wenzake, na miiko yake. Mkwe wa kike hakuruhusiwa hata kukutana na baba mkwe njiani. Vijiji vile havipo tena, lakini tabia ya kutafuta raha kila mtu upande wake tumebaki nayo. Ukienda kwenye pombe ya kimpumu utawakuta wanaume. Ukienda kwenye vikoba utawakuta wanawake. Mume na mke tunakutana kwenye kazi na kwenye matatizo.

Godfrey alifariki mwaka 1944, bado kijana. Kitabu chao kinachojulikana zaidi kuhusu vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951 kwa mkono wa Monica peke yake, kutokana na maandishi ya wote wawili. Nimefikiria sana habari ya mwanamke yule, ameketi na daftari za mumewe, akisoma barabara walizopita pamoja. Angalau walizipita. Jirani yangu mmoja, mjane, aliponiona napanda pikipiki siku ile alinishika mkono akasema, "Sisi tulikuwa tumesema tutakwenda akistaafu." Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kumjibu.

Matema tulifika jua likiwa bado juu. Kijana wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni alitusalimia kwa heshima, shikamoo baba, shikamoo mama, akauliza kama tumekuja kwa msiba au kwa semina ya kanisa. Halafu akaandika vyumba viwili. Nikamwambia kimoja. Akafuta, akaandika upya, huku amejawa na aibu ambayo kwangu ilikuwa ushahidi tosha wa hiki ninachokisema. Wageni kutoka Ulaya wanapofika wawili wawili hashangai. Wazazi wake mwenyewe wakifika wawili wawili hajui awaweke wapi.

Nimefundisha jiografia shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi. Nimelichora Ziwa Nyasa ubaoni kwa chaki kila mwaka, nikawaambia watoto kwamba ni la tatu kwa ukubwa Afrika, kwamba lilitokana na ardhi kupasuka katika Bonde la Ufa, kwamba kina chake kinafika mita 700 hivi, na kwamba lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Yote hayo ni kweli, lakini chaki haina uwezo wa kuonyesha jinsi milima ya Livingstone inavyoshuka Matema. Mchanga unanyooka vizuri, mweupe, halafu unakoma ghafla, na mlima unaanzia majini. Mume wangu, mtu wa tambarare, mtu wa majaruba ya mpunga, aliketi mchangani akautazama mlima ule hadi jioni. Tulikula mbasa wa kuchoma na wali, na ndizi pembeni. Tuliongea mpaka taa zikazimwa.

Kesho yake tuliamka alfajiri ili tuvuke kwenda Ikombe kabla upepo wa kusi haujaanza, kwa sababu Julai ziwa hili halina masihara. Wavuvi wanaliheshimu, na abiria mwenye busara anawasikiliza wavuvi. Ikombe ni kijiji cha Wakisi, na wanawake wake ndio wanaofinyanga vile vyungu vinavyouzwa Lyulilo siku ya mnada na kusafirishwa hadi Mbeya. Hawana mashine. Wana mikono, udongo wa mfinyanzi, na rangi za udongo mwekundu na mweupe. Katika nyumba nyingi za Kyela kimo chungu cha Ikombe. Mimi nimepikia maharage katika vyungu hivyo tangu nilipokuwa binti, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona anayevifinyanga akivifinyanga. Mume wangu alikaa karibu na mzee wa nyumba ile, wakazungumza juu ya kuni, wapi zinapatikana na nani huzibeba. Mimi nilikaa na mama. Baadaye tulipolinganisha tuliyosikia, tulikuwa na habari kamili ya nyumba moja, upande wa baba na upande wa mama. Ndipo nilipowaelewa wale Wilson kuliko nilivyowaelewa kwa kusoma.

Najua nitaambiwa huu ni uzungu. Nauliza, keki ya ghorofa tatu ilianzia Ipinda? Ukumbi wa viti vilivyovikwa vitambaa tuliurithi kwa babu? Tumeshachagua kuadhimisha ndoa, wala si vibaya. Kilichobaki ni kuchagua namna, na namna ya watu wawili kutazama nchi yao iko karibu nasi zaidi kuliko mshereheshaji na kipaza sauti.

Wengine watasema fedha. Safari yetu yote, mafuta, chumba, mtumbwi, samaki na chungu nilichokipakata mapajani hadi nyumbani, haikufikia hata gharama ya chakula ambacho kamati ilikipangia ukumbi. Asiye na pikipiki ana baiskeli, na Kyela ni tambarare. Itungi inafikika kwa baiskeli, na meli ikiwa bandarini ni kitu cha kutazama. Wenye nyumba za wageni nao watusaidie kwa kuweka bei ya mkazi wa wilaya hii, iandikwe ukutani, ili mkulima asiogope hata kuuliza.

Watakaosema kazi, mifugo na shamba ndio nawajibu kwa nguvu zaidi. Simu ya msiba ikipigwa saa kumi za usiku, ng'ombe wanapata mtu wa kuwachunga kabla jua halijachomoza. Kuku wanapata mtu. Maji ya mpunga yanapata mtu. Jirani haulizi. Basi jirani huyo huyo anaweza kuombwa kwa ajili ya walio hai, nasi tumwangalizie mifugo yake zamu yake ikifika.

Makanisa yetu pia nayaomba. Wamoravian na Walutheri wa Berlin waliingia nchi hii mwaka 1891, na tangu hapo wamefundisha juu ya ndoa kuliko mtu mwingine yeyote. Semina za wanandoa ninazihudhuria, na nimejifunza mengi. Lakini semina inatuketisha kwenye mabenchi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, tunaandika pointi. Mara moja kwa mwaka semina ile ipakiwe kwenye Coaster, ipelekwe Matema, kila mtu aketi na mwenzake, na mwalimu wa semina anyamaze kutwa nzima.

Watoto wetu, baada ya kukubali kwamba ukumbi hautakuwepo, walituuliza wafanye nini na michango iliyokwisha kutolewa. Tumewaambia warudishe ya ndugu na waache ya kwao kwa ajili ya nauli. Kuna meli ya MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, inayoshuka pwani yetu kwenda hadi Mbamba Bay. Huko njiani kuna Lupingu, Manda na Liuli, majina ambayo nimeyafundisha na sijayaona. Hatuna ndugu hata mmoja Mbamba Bay, kwa hiyo hakuna msiba utakaotupeleka. Mume wangu anasema tungoje mpunga ujao uvunwe. Mimi nimeshamtuma kijana bandari ya Kiwira akaulize ratiba.