Tinti ya gari: kioo kipi, mwanga kiasi gani

Tinti ni karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa upande wa ndani wa kioo cha gari, na hupimwa kwa kiasi cha mwanga kinachopenya. Kioo kinachopitisha asilimia 70 hakitofautiani sana na kioo kitupu. Cha asilimia 35 huficha sura ya aliye ndani, na cha asilimia 5 hakimwonyeshi kabisa. Namba ikishuka, giza linazidi. Wanunuzi wengi huigeuza hesabu hiyo wakidhani 70 ndiyo tinti kali, na wapo mafundi wasio na haraka ya kuwasahihisha.

Giza la vioo si lazima litoke gereji. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayozunguka Bariadi, Maswa na Lamadi mkoani Simiyu, kuanzia Noah hadi Harrier, yametumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70, ila kwa vioo vya nyuma haiweki kiwango hicho. Ndiyo maana gari hushushwa bandarini Dar es Salaam likiwa jeupe mbele na jeusi nyuma. Weusi huo wa kiwandani umo ndani ya kioo chenyewe, haubanduki. Mwenye gari akiona vioo vya mbele na vya nyuma havifanani, hulipeleka kwa fundi amsawazishie rangi. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu tofauti ile iliwekwa kwa makusudi.

Tatizo jingine ni la hesabu. Kioo cha mlango, hata kabla ya kubandikwa chochote, hupunguza mwanga, na cha kawaida hupitisha kama asilimia 80. Kikibandikwa karatasi ya 50, kinachobaki si 50 bali 40, kwa kuwa namba hizi huzidishwa. Karatasi ya 35 huishia 28. Sheria za nchi nyingi hupima kioo na karatasi vikiwa pamoja, kwa hiyo risiti ya dukani yenye kuonyesha 70 haimlindi mtu. Sabini juu ya themanini ni 56.

Sheria hujali zaidi vioo vya mbele kwa sababu ya usalama wa macho ya dereva. Anayeendesha kati ya Bariadi na Lamadi saa moja jioni hukutana na ng'ombe wanaorudi zizini, mikokoteni, na baiskeli zisizo na taa. Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, malori huongezeka. Mchana kioo cha asilimia 28 humpendeza dereva; giza likiingia, kinamnyima karibu robo tatu ya mwanga mdogo uliopo. Tena vioo vya pembeni, ambavyo dereva hutegemea kuona bodaboda inayompita, hutazamwa kupitia kioo cha mlango wa mbele. Mlango ukitiwa giza, na kioo cha pembeni kimetiwa giza. Mtu anayevuka barabara pale Somanda, Bariadi, naye huhitaji kuona uso wa dereva ili ajue kama ameonekana.

Sababu nyingine ni ya kipolisi: askari anayelisogelea gari anataka kujua nani yumo. Kenya iliichukua sababu hii kwa uzito Mei 2014. Baada ya mabasi kulipuliwa Barabara ya Thika jijini Nairobi, serikali iliamuru magari ya abiria yaondolewe tinti. Hoja hiyo ina nguvu kwa basi au mchomoko wa abiria. Kwa gari la familia ni dhaifu zaidi, maana mhalifu mwenye nia hawezi kuzuiwa na karatasi ya plastiki.

Tanzania, mama wa kanuni zote za gari ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inayosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani. Magari ya abiria yana msimamizi wa pili, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Dereva anayeandikiwa kosa na trafiki hulipa faini akikubali. Akikataa, shauri huenda mahakamani. Juu ya yote ipo Katiba, ambayo Ibara ya 13(6)(c) inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa kisheria. Tamko la jukwaani la kukataza tinti, hata likitolewa na mkubwa, halitoshi kuwa msingi wa faini. Trafiki anapaswa kutaja kifungu, na dereva ana haki ya kukiuliza kwa adabu.

Nje, namba hutofautiana hadi ndani ya nchi moja. Marekani ina kiwango cha kitaifa cha asilimia 70 kwa vioo vya gari jipya vinavyohitajika kwa kuona, lakini tinti ya kubandika baadaye imeachiwa majimbo. Kwa milango ya mbele, Texas huruhusu 25, Florida 28, Arizona 33, ilhali New York inashikilia 70. Mtanzania aliyetinti gari lake Texas anaweza kusimamishwa New York akiwa hajagusa kioo. Uingereza inataka 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa milango ya mbele, kwa magari yaliyoanza kutumika Aprili 1985 na kuendelea; vioo vya nyuma ni hiari ya mwenye gari. Ukiziweka sheria hizi pamoja, karibu zote zinakubaliana kwamba nyuma si ugomvi mkubwa.

Na zote hutegemea kifaa. Kipima mwanga ni kidude cha mkononi chenye vipande viwili vinavyobana kioo kwa ndani na nje, kisha kusoma asilimia. Bila hicho, 40 na 60 hutenganishwa kwa jicho la askari, na jicho hilo hubadilika kwa saa ya siku, kwa rangi ya viti na, mara nyingine, kwa ukubwa wa shangingi lililosimamishwa.

Joto ndiyo sababu inayotajwa zaidi na wenye magari, nayo ni ya kweli. Bariadi iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Hata hivyo, karibu nusu ya nishati ya jua ni miale isiyoonekana, na zipo karatasi zinazoizuia bila kutia giza. Ni ghali. Zile za bei rahisi zilizotiwa rangi tu hugeuka zambarau na kuvimba mapovu.

Kwa watu wenye ualbino, wanaokadiriwa kuwa mmoja kati ya kila 1,400 nchini, suala hili si la starehe. Kioo cha mbele cha gari, chenye tabaka mbili, huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Kioo cha mlango hupitisha sehemu yake, nayo huunguza ngozi isiyo na kinga katika safari ndefu ya kwenda Mwanza. New York, pamoja na ukali wake, hutoa msamaha wa tinti kwa cheti cha daktari, na ualbino umo katika orodha yake. Kanda ya Ziwa, iliyoshuhudia watu hawa wakiteswa kwa imani potofu, ina kila sababu ya kutaka msamaha kama huo uandikwe waziwazi katika kanuni za nchi. Wizara ya Mambo ya Ndani ianzie hapo, kisha iwape trafiki wa Simiyu vipima mwanga kabla ya kuwaongezea vitabu vya faini.