Barazani Haulizwi Mtu Viatu

Mfanyakazi mwenzangu mmoja, mtu wa bara aliyehamishiwa hapa Mombasa, alinijia juzi na swali lililonikaa moyoni. Alitaka kuelezwa mahali mjini ambapo mtu akitoka kazini aweza kuketi na wenzake kwa raha, akanywa kinywaji kizuri kwa pesa kidogo, wala asitazamwe kutoka utosini hata nyayoni kabla ya kufunguliwa mlango. Kusema kweli, alikuwa akiulizia baa na bia. Nikamjibu kwamba mambo ya bia siyajui, dini yangu imenikataza, na kwa hilo sitamfaa. Lakini kama alitafutalo hasa ni kule kuketi, basi amefika kwa mwenyewe.

Swali lake lilinigusa kwa sababu siku chache kabla yake nami nilirudishwa mlangoni. Nilialikwa kwenye shughuli ya jamaa katika hoteli moja, ambayo jina lake silitaji. Nilivaa shati safi, kikoi kilichopigwa pasi na makubadhi ya ngozi. Bawabu, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Samahani mzee, kikoi hakiruhusiwi usiku. Ndiyo amri." Nyuma yake, ndani ya ukumbi, niliona mito ya viti imeshonewa foronya za kikoi. Kumbe kikoi chaingia, mwenye kikoi ndiye haingii! Sikumlaumu kijana, yeye ni mtumwa wa kazi. Nikageuka, nikaswali Isha msikiti wa karibu, kisha nikaenda zangu kwenye kahawa.

Ni huko ndiko nilikompeleka yule mwenzangu jioni ya pili. Hapana kibao wala mlango. Kuna ukuta mrefu wa kuegemea, benchi mbili za mbao, baraza ya mawe iliyong'arishwa na makalio ya watu wa miaka mingi, na muuza kahawa na dele lake juu ya makaa. Vikombe vyake havina mikono, na akivigonganisha hujulikana mbali kwamba kahawa iko tayari. Kahawa ni chungu, na uchungu wake huliwazwa kwa kashata au tende. Waliokuwapo usiku ule ni hamali wa bandarini, mwalimu wa madrasa, wakili mmoja mwenye tai, fundi wa magari na mafuta yake mikononi, na wazee watatu wasioacha kubishana juu ya mpira. Mgeni wangu akasogezewa nafasi kabla hajatajwa jina. Kikombe cha kwanza hakulipa. Kilikwisha kulipwa, na hakujua na nani.

Waingereza wenyewe huziita baa zao nyumba za umma, yaani nyumba za watu wote. Lakini huko London pia palikuwa na zama za kahawa. Mkahawa wa kwanza wa mji ule ulifunguliwa 1652, na kwa peni moja mtu wa chini aliweza kukaa meza moja na bwana mkubwa, akasikia habari za dunia. Mwishoni mwa 1675 Mfalme Charles wa Pili alitoa amri mikahawa yote ifungwe, kwa kuwa watu walikuwa wakiiteta serikali humo. Kelele zilizozuka zilikuwa kubwa hata akaiondoa amri hiyo Januari 1676, kabla haijaanza kutumika.

Wala si wafalme wa Ulaya tu. Kahawa ilienea kutoka Yemen, ambako masufi waliinywa ili wakeshe katika dhikiri. Ilipofika Makka, mwaka wa 1511 mtawala mmoja aliyeitwa Khair Beg aliipiga marufuku, naye hofu yake ilikuwa ni ile mikusanyiko ya wanywaji kuliko kile kilichokuwa kikombeni. Katika 1633 Sultani Murad wa Nne aliifunga mikahawa ya Istanbul. Wote hao wamepita, na kahawa ingali ikimiminwa. Katika 2015 shirika la UNESCO liliiandika kahawa ya Kiarabu, kwa ajili ya ukarimu wake, katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Sisi wa pwani tulilijua jambo hili zamani, na ushahidi umo katika lugha. Baraza kwanza ni kile kiti cha mawe kilichojengwa ubavuni mwa mlango. Kisha ni wale wanaokikalia. Kisha ni shauri wanalolitoa. Leo hata mawaziri wa nchi wakikutana huitwa Baraza. Taifa zima limeazima neno kutoka kwenye kibaraza cha mtaani, na wenyewe wa mtaani ndio twakibomoa.

Najua wako watakaosema kwamba barazani ni mahali pa uvivu na kusengenya. Lawama hiyo haikuanza leo, na jawabu lake halikuanza leo. Twajua katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Waliposema hawana budi na vikao vyao, hakuwavunjia kikao. Aliwaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kutomuudhi mpita njia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi baraza isiyotimiza haki hizo na irekebishwe. Kuibomoa si kuirekebisha.

Kuna lawama nyingine ambayo jawabu langu juu yake ni dhaifu, nayo ni kwamba baraza hizi ni za wanaume. Ni kweli. Mama zetu walikuwa na nyua zao za kupumzikia jioni, na nyumba za ghorofa za siku hizi hazina ua. Ndiyo sababu hufurahi nikipita Mama Ngina jioni, nikaona jamaa nzima, mama, mabinti na watoto, wameketi wakipunga upepo wa bahari kwa mihogo na madafu. Sehemu za namna hiyo zastahili kuongezwa.

Lakini nieleze linaloniuma hasa. Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, asiyekuwa na mke wala mtoto karibu. Miguu ilikuwa imemshinda kufika msikitini, lakini barazani palikuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni pake. Kila siku alikaa mwisho wa benchi, pembeni, na kikombe chake. Nyumba yenye baraza ile ikauzwa, ikavunjwa, likapanda ghorofa lenye maduka chini na milango ya chuma. Muuza kahawa akahamia kwingine. Mzee akabaki ndani. Siku moja alianguka, akalala sakafuni siku mbili mpaka binti wa nduguye alipokuja kumjulia hali. Yu hai, Alhamdulillahi, ingawa hasimami tena. Zamani, kikombe chake kingalipoa bila ya mtu, mtoto angalitumwa kumgongea kabla ya adhuhuri. Hapana aliyemfanyia ubaya mzee yule. Ila palipoondoka baraza, paliondoka macho yaliyokuwa yakimhesabu.

Na vijana je? Twawalaumu kwa kujibanza vichochoroni na wauza unga. Tumewaachia mahali gani pengine? Hotelini waulizwa viatu na pesa, nyumbani vyumba ni viwili na watu ni wanane. Kijana aketiye kando ya babu yake husikia mambo mengi asiyoyasikia kwingine, hata kama amekuja kwa ajili ya kashata.

Kwa hivyo nina ombi kwa mwenye kujenga. Ukipima kiwanja chako, tenga dhiraa mbili za baraza mbele ya nyumba, iwe ni sadaka kwa mpita njia. Nawe mwenye mamlaka ya kusafisha mji, muuza kahawa asihesabiwe pamoja na taka.

Yule mwenzangu wa bara sasa huja mwenyewe, bila ya kuongozwa. Wiki iliyopita alikosa siku mbili kwa homa. Siku ya tatu wazee wale wa mpira walikwenda kumtazama kwao na chupa ya tangawizi. Aliniambia kwamba tangu ahamie mji huu, ndiyo mara ya kwanza kugongewa mlango na mtu asiyemdai kodi.