Jiwe la Kwetu na Masomo ya Kanseri



Mwezi huu tunaongea juu ya masomo ambayo vijana wachache wa kwetu wanayafikiria: masomo ya kanseri. Hatusemi yale masaa machache ambayo mwanafunzi wa unganga anafundishwa kati ya magonjwa mengine. Tunasema masomo ya juu, yale mtu anayaanza akiisha kupata lisansi yake ya biolojia, ya kimia ao ya fiziki, ao akiisha kuwa munganga kamili. Mtu wa biolojia anafanya miaka miwili ya masta, na akitaka doktora anaongeza mitatu, mara nyingi minne. Munganga naye anarudi kwenye benchi miaka minne ao mitano. Mzazi atasema: "Ugonjwa mmoja, miaka yote ile?" Ndiyo, mzazi, na haitoshi.

Tuanze na jiwe, sababu sisi watu wa migodi tunajua mawe.

Katika mwaka wa 1915, Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa anatafutia Union Minière madini, aliona jiwe zito lenye rangi kali pale Shinkolobwe, karibu na Likasi. Lilikuwa na uraniumu, tena nyingi kuliko mahali pengi pa dunia. Vijana wengi wanajua habari ya bomu ya mwaka wa 1945 na uraniumu ya Shinkolobwe. Lakini bomu ilikuja nyuma. Kwanza jiwe lile lilipelekwa Ubelgiji, mji wa Olen, na tangu 1922 kiwanda cha kule kilitoa ndani yake kitu kingine kidogo sana kinachoitwa radiumu. Ilikuwa kazi ya kusaga na kusafisha tani nyingi za mawe, mwishoni unapata gramu moja. Na gramu ile ilikuwa na bei kupita zahabu mara elfu nyingi.

Juu ya nini bei ile? Juu ya kanseri. Waganga wa Ulaya na Marekani walitia radiumu katika mirija midogo, wakaiweka karibu na kivimbe, zaidi kwa wanawake wenye kanseri ya mlango wa kizazi. Mirija ilikaa ndani ya mwili masaa fulani, kisha waliitoa. Kivimbe kilinyauka. Wengine walipona kabisa. Kwa miaka mingi Ubelgiji iliuza sehemu kubwa ya radiumu yote ya dunia, na jiwe lilitoka kwetu. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba kanseri ni mambo ya wazungu yasiyotuhusu. Jasho la babu zetu liko ndani ya dawa ile.

Hapa ninakata maneno kidogo: jiwe lenyewe si dawa. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa na Serikali katika 2004. Asiyejua kupima miali ya jiwe lile, lisiingie katika nyumba yake hata kidogo, hata mtu akimuambia linaponya. Marie Curie, aliyevumbua radiumu pamoja na bwana wake Pierre katika 1898, alikufa katika 1934 na ugonjwa wa damu uliotokana na miali. Kile kinachoua chembe za kanseri kinaua na chembe nzima. Tofauti iko katika kipimo, na kipimo ndiyo somo.

Namna gani basi miali inaponya? Mwanafunzi wa masta anaanza na swali hili. Mwili wa mtu una chembe ndogo sana, zaidi ya bilioni elfu thelathini. Ndani ya karibu kila chembe muko ADN, uzi mrefu wenye maandiko ya namna chembe inapaswa kuishi, kugawanyika na kufa. Miali inakata uzi ule. Chembe nzima inajua kuurekebisha, ikipewa muda. Chembe ya kanseri inaharakisha kugawanyika, na mara nyingi kurekebisha kwake ni kubaya. Ndiyo maana waganga hawapigi miali yote siku moja. Katika miaka ya 1920, Claude Regaud wa Paris alijaribu kwa kondoo dume. Alitaka kuua mbegu za uzazi wake kwa miali. Alipopiga mara moja kwa nguvu, ngozi iliungua. Alipogawanya kwa siku nyingi, mbegu zilikufa na ngozi ikabaki nzima. Leo mgonjwa wa kanseri ya mlango wa kizazi anapigwa miali kidogo kidogo, siku tano kwa juma, kadiri ya majuma matano. Familia zingine zinaona majuma yale ni marefu, wanamurudisha mama nyumbani katikati sababu anaonekana ana nguvu. Ni hatari kubwa. Chembe zilizobaki zinaanza tena.

Kuna jambo lingine ambalo mimi ninalipenda katika masomo haya. Chembe isiyopata hewa ya oksijeni inavumilia miali karibu mara tatu kuliko ile inayopata. Na oksijeni inabebwa na damu. Kwa hiyo mama aliyepoteza damu nyingi, akapigwa miali bila kuangaliwa damu yake, anaweza kukosa kupona vizuri. Unaona sasa: mtu wa fiziki, mtu wa biolojia na mwuguzi anayepima damu, wote wanafanya kazi moja.

Tugeuke upande wa biolojia. Nitawaeleza kwa mtu mmoja, naye ni Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani, mwenye watoto watano. Katika 1951, kwenye ospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, waliona ana kanseri ya mlango wa kizazi. Walimutibu kwa radiumu. Alikufa mwezi wa kumi mwaka ule ule, akiwa na miaka 31. Lakini waganga walikuwa wamekata kipande kidogo cha kivimbe chake bila kumuuliza, na chembe zile, katika chupa ya laboratwari, zilikataa kufa. Zinagawanyika mpaka leo. Mwanafunzi wa kanseri akiingia laboratwari, iwe Kampala, iwe Brussels, ana nafasi kubwa ya kuzishika kwa mikono yake. Zinaitwa HeLa, herufi za kwanza za majina yake. Familia yake ilipata kujua zaidi ya miaka 20 kisha kifo chake, na katika 2023 walipatana na kampani moja iliyofanya biashara na chembe zile. Katika masomo ya juu watakufundisha habari hii pia, si paka sayansi: kabla ya kukata nyama ya mtu, muombe ruhusa, na umueleze kwa lugha anayoisikia.

Juu ya nini chembe za mama yule hazikufa? Miaka ya 1980, watu wa Harald zur Hausen, Mjerumani, walikuta ndani yake virusi inayoitwa HPV. Zur Hausen alipewa zawadi ya Nobel katika 2008 sababu ya kuonyesha kwamba virusi vya jamii hii vinaleta kanseri ya mlango wa kizazi. Sasa sikiliza inavyofanya. Waza kamyo kubwa ya mugodi inayoshuka mlima. Chembe nayo ina freni, tena zaidi ya moja. Freni moja inaitwa p53: ADN ikiharibika, inasimamisha chembe mpaka irekebishwe, na ikishindikana inaiamuru ife. Freni nyingine inaitwa Rb, inakataza chembe kugawanyika ovyo. Virusi vya HPV vinaleta protini mbili. Moja inaifanya p53 ivunjwe, nyingine inaifunga Rb. Freni zote mbili zimekwisha, na kamyo inashuka.

Tena haishuki kwa siku moja. Tangu virusi kuingia mpaka kanseri kuonekana, mara nyingi ni miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye UKIMWI asiyetibiwa inaweza kuwa mitano mpaka kumi. Miaka ile yote ni nafasi. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kupaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, mahali pabaya panageuka peupe, na panatibiwa kabla ya kuwa kanseri. Kuna na chanjo ya wasichana. Na wale wanaosema kwa sauti ndogo kwamba mama mwenye ugonjwa huu "alitembea ovyo", wanyamaze. Virusi hivi vinapita kwa tendo la ndoa, ni kweli, lakini viko kwa watu wengi sana, na wengi mwili wao unavifukuza bila wao kujua. Mke mwaminifu wa mume mmoja anaweza kuvipata. Wala si bulozi. Tumeona mama wangapi wanazungushwa kwa wafumu mwaka mzima, damu inatoka, na siku wanayofika ospitali kivimbe kimejaa tumbo?

Tukirudi kwenye madini. Katika 1951, mwaka wa mama Henrietta, Wakanada walitibu wagonjwa wa kwanza kwa mashini ya kobalti. Walitwaa kobalti ya kawaida, ile ile munayoijua ninyi wa Kolwezi, wakaitia ndani ya reakta ya atomi, ikatoka kobalti 60 yenye miali mikali. Mashini ile inapiga kutoka nje, mgonjwa amelala kitandani. Leo ospitali nyingi zina mashini za umeme zenye nguvu zaidi, lakini kobalti ingali inatumika, zaidi mahali umeme unakatika. Nguvu yake inapungua nusu katika miaka mitano na miezi mitatu hivi. Kwa hiyo dakika zilizotosha mwaka jana hazitoshi mwaka huu, na lazima mtu ahesabu. Yule ni mtu wa fiziki ya unganga. Watoto wa migodi munaopenda hesabu na munadhani kazi ni paka injinia, fikirini na hii. Hata reakta ya kwanza ya Afrika ilijengwa kwetu Kinshasa, katika 1959, kwenye iniversite ya Lovanium.

Na platini nayo ni dawa. Katika 1965, Barnett Rosenberg wa Marekani alikuwa anapitisha umeme katika maji yenye vijidudu, kwa vyuma vya platini. Vijidudu viliacha kugawanyika. Kumbe si umeme, ni platini iliyoyeyuka kidogo. Kutoka hapo ilitengenezwa dawa ya cisplatin, iliyokubaliwa Marekani katika 1978. Katika 1999 ilionekana wazi kwamba kuitia pamoja na miali kunaokoa wanawake zaidi kuliko miali peke yake.

Vijana wengi wakisikia unganga wanaona kisu cha kupasua. Mimi nikiulizwa, nitasema kwamba mtu anayekosekana zaidi ni yule anayekaa nyuma ya mikroskopi, anayetazama kipande cha nyama na kuandika: hii ni kanseri, ya namna hii. Hakuna anayemujua, hakuna anayemuletea kuku wa asante. Lakini bila karatasi yake, munganga anatibu kwa kubahatisha.

Wapi kwa kusoma? Hapa jirani, Kampala kuna chuo cha kanseri tangu 1967, Uganda Cancer Institute, na Dar es Salaam kuna Ocean Road. Kwa Kifaransa kuna Dakar, Rabat na Ubelgiji. Ukivuka Kasumbalesa mpaka Lusaka, utakuta ospitali ya kanseri. Lakini Kampala, Dar es Salaam na Lusaka ni Kiingereza, na vitabu vingi vya somo hili ni Kiingereza. Anza sasa, usingoje lisansi. Shirika la kimataifa la nguvu za atomi, lililo Vienna, linatoa bursi kwa watu wa miali, lakini mara nyingi ombi linapitia kwa Serikali ya nchi yako.

Wasichana wanatuuliza kama masomo haya ni yao pia. Ni yao zaidi. Kanseri ya titi na ya mlango wa kizazi ndizo zinazoshika mama zetu wengi, na mama wengi wanaficha ugonjwa sababu wanaona haya mbele ya munganga mwanaume.

Karatasi munazopaswa kutayarisha: diploma ya Serikali, lisansi pamoja na alama za kila mwaka, barua za maprofesa wawili wanaokufahamu, na paspoti. Ombeni alama zenu kwenye iniversite mapema, sababu ofisi zinachelewa, na bursi nyingi zinafunga mlango karibu mwaka mzima kabla masomo hayajaanza.