Profesa wa Makueni na Mfuko wa Raia

Kabla ya mwaka 2013 fedha za maendeleo zilipangwa Nairobi, na mkulima wa Kathonzweni aliziona kama aionavyo mvua: zikija ashukuru, zisipokuja anyamaze. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyogeuza jambo hilo, kwa kuigawa Kenya katika kaunti 47, kila moja na mfuko wake. Makueni, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hata mwaka 1992, ikapata makao yake Wote, na gavana wake wa kwanza akawa Profesa Kivutha Kibwana.

Bwana Kibwana hakuwa mgeni wa siasa. Alisomesha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele kudai katiba mpya. Uchaguzi wa mwaka 2002 ulimpeleka Bungeni, naye akawa waziri katika Serikali ya Rais Mwai Kibaki. Lakini mwaka 2007 watu wa Makueni wakamnyima kura. Aliporudi kwao kuomba ugavana, alikwisha kuonja hukumu ya raia.

Yaliyofuata ndiyo yaliyompa sifa. Mabaraza yaliitishwa kuanzia kijijini, watu wakataja haja zao, na haja hizo zikapanda hata kwenye wadi na kaunti. Tena kila kazi, iwe bwawa au zahanati, iliwekewa kamati ya wenyeji wa pale pale. Mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo imetia sahihi kuwa kazi imekwisha na ni njema. Msomaji aliyepata kuona ukuta wa zahanati ukipasuka kabla ya rangi kukauka atajua uzito wa sahihi hiyo.

Lakini desturi hii ilileta swali gumu. Ikiwa raia ndio waamuao juu ya fedha, basi diwani, au mwakilishi wa wadi kama aitwavyo sasa, kazi yake ni nini? Makueni ina wadi 30, na kila mwakilishi alichaguliwa kwa kura halali kama gavana mwenyewe. Si haki kumtwika yeye lawama zote. Ugomvi ulikuwa juu ya bajeti: ni kiasi gani kiende kwa matumizi ya bunge la kaunti, na kiasi gani kwa kazi za vijijini. Pande zote mbili zikashupaa, kazi zikasimama, na mwezi wa Septemba 2014 risasi zikalia Wote penyewe, watu wakajeruhiwa.

Ndipo likatokea jambo lisilo la kawaida. Sheria yasema kuwa sehemu moja ya kumi ya wapiga kura wakitia sahihi, waweza kuomba serikali ya kaunti yao isimamishwe. Watu wa Makueni waliomba hivyo, na gavana akawaunga mkono, ingawa kiti chake mwenyewe kingekwenda pamoja na vile vya madiwani. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilisikiliza mashahidi ikakubali ombi. Rais Uhuru Kenyatta, katika mwaka 2015, alilikataa. Hakuona kuwa sababu zilizotolewa zatosha. Wagombanao wakabaki chini ya paa moja mpaka uchaguzi wa mwaka 2017, ambao ulimrudisha Bwana Kibwana na kuwaangusha madiwani wengi.

Kazi nazo hazikungoja amani. Mpango wa matibabu ulimtaka kila mwenye nyumba alipe shilingi 500 kwa mwaka, na wazee waliopita miaka 65 watibiwe bure. Kalamba kikajengwa kiwanda cha maembe. Ikatungwa pia sheria ya kulinda mchanga wa mito, uliokuwa ukibebwa kwa malori kwenda kujenga majumba ya mjini, huku mito ikibaki mwamba mtupu usioweka maji. Huko Kitui, jirani zao, Gavana Charity Ngilu alipambana na malori ya makaa kwa namna hiyo hiyo mwaka 2018.

Vipindi viwili vilipokwisha, katika mwezi wa Agosti 2022, Bwana Kibwana aliomba kiti cha Seneti kwa watu wale wale. Wakampa Bwana Dan Maanzo.