Mwenye tanuri anunue aproni

Sufuria nzito ya kupikia githeri haipatikani bila fundi kuyeyusha aluminiamu kuukuu: vipande vya injini, vifuniko na mabirika yaliyotoboka. Aluminiamu huyeyuka inapofika nyuzi 660 za joto, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hata hivyo, katika vibanda vya jua kali huku Meru na Embu, si ajabu kumkuta fundi akiimimina huku amevaa ndara na fulana ya mitumba.

Mavazi hayo ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi, na kidonda kikazidi. Viatu vya kamba hunasa matone ya moto. Gambuti zenye mdomo mpana huyakusanya ndani. Tena, kipande chenye unyevu kikitumbukizwa kwenye aluminiamu iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha hadi usoni.

Vazi linalofaa ni ovaroli ya pamba nzito, aproni na glavu ndefu za ngozi, kinga ya uso, na buti za ngozi zisizo na kamba. Suruali ifunike buti, isichomekwe ndani.

Swali ni nani anunue. Baadhi ya wenye vibanda husema kila fundi ajitegemee, na kwamba mwanagenzi hajaajiriwa. Sikubaliani nao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga, nayo inahusu kila mahali ambapo watu wanafanya kazi. Mwenye tanuri hamwagizi mwanagenzi aje na makaa yake. Mbona aje na aproni yake?

Serikali za kaunti hizi mbili hutoza ada za leseni za biashara. Afisa anayetoa leseni ya kibanda cha kuyeyusha vyuma aonyeshwe kwanza aproni, glavu na buti, za fundi na za mwanagenzi.

Na anayeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha akimbizwe hospitalini. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno, na nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Mguu ulioungua vibaya huweza kumlaza mtu wiki nyingi, na wanaomtegemea wakakosa chakula. Buti ni bei nafuu kuliko hayo.