Mzani Uliofunikwa Gunia

Hakuna mkulima wa Nachingwea wala wa Ruangwa atakayekubali korosho zake zipimwe kwenye mzani uliofunikwa gunia. Anataka auone mshale. Kama mzani ni wa tarakimu, anataka aione sifuri kabla gunia la kwanza halijapandishwa, na tena anataka aione alama ya Wakala wa Vipimo. Ukaidi huo haukuzuka hivi hivi. Watu wetu wameionja kangomba, wanajua kipimo cha mnunuzi wa kificho kinavyonenepa kikifika mlangoni kwa mwenye shida.

Lakini mzani ukishataja kilo, hesabu huanza safari ambayo mkulima haioni. Kilo zinaingia kwenye kompyuta. Bei inatoka mnadani, na tangu 2024 minada ya ufuta na korosho za kwetu imeingia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Kisha yanafuata makato: ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi, fungu la chama kikuu chetu cha RUNALI, ghala, usafiri. Mwisho wa yote mkulima hupata ujumbe wa benki kwenye simu, wenye tarakimu moja tu. Baina ya mzani na ujumbe ule imekaa programu. Je, hiyo imekaguliwa na nani?

Mimi nimetunza hesabu za ushirika tangu enzi za kalamu na karatasi ya kaboni, nami nasema wazi: ni makosa kwa chama cha wakulima kununua programu ya hesabu ambayo haki ya kuisoma imefungwa. Programu si mashine ya ajabu. Ni maagizo aliyoyaandika mtu: zidisha kilo kwa bei, toa hiki, toa kile, andika kinachobaki. Katika programu huria maagizo hayo yako wazi, na leseni yake inakuruhusu uyasome, uyarekebishe na umgawie mwenzako. Katika ile iliyofungwa unauziwa matumizi peke yake. Maagizo yanabaki kabatini kwa muuzaji.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliuziwa programu ya namna hiyo na kampuni ya mjini. Msimu haujafika nusu, kompyuta ikaonyesha kuwa magunia yaliyopokelewa ni mengi kuliko yaliyomo ghalani. Karani akaitwa mwizi mbele ya mkutano, na wapo waliotaka apelekwe polisi usiku ule ule. Nilikaa na leja ya mkono jioni nne, mstari kwa mstari. Ikaonekana kuwa kila mtandao ulipokatika wakati stakabadhi inatumwa, programu iliituma upya na kuihesabu mara mbili. Tulipoiomba kampuni ituonyeshe inavyohesabu, tukajibiwa kwamba mfumo haukosei, na namna yake ya kuhesabu ni siri ya biashara. Siri ya biashara ya nani, jamani? Korosho ni za wakulima, na jina lililokuwa linachafuliwa ni la yule karani. Kitabu cha kalamu ndicho kilichomwokoa, na vitabu hivyo sasa tunaambiwa tuviache.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya vijijini. Uingereza, shirika la posta lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogo ndogo walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa kuwa kompyuta ilionyesha upungufu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Hadi Desemba 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro, na 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu zile. Kwa miaka yote hiyo mshitakiwa hakuwa na njia ya kufungua sanduku na kutazama ndani.

Wapo wanaodai kwamba cha bure ni hafifu. Hao simu zao ziko mifukoni: Android imejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na kutolewa chini ya leseni ya Richard Stallman na wenzake. Mwaka 2001 mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, aliiita Linux saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ikatoa dola bilioni 7.5 kuinunua GitHub, ghala ambamo waandishi wa programu huria huhifadhi kazi zao. Mwaka uliofuata IBM ikainunua Red Hat, inayoishi kwa kuhudumia Linux, kwa dola bilioni 34. Wenye fedha hawaoni haya kutumia cha wazi. Sisi wa kuokota korosho moja moja ndio tunaoona haya!

Wengine wanasema kilicho wazi kitaibiwa. Hoja hii ina uzito kidogo. Mwaka 2014 liligunduliwa tundu katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mtandao, nalo lilikuwa limekaa humo miaka 2 bila kuonwa na mtu. Uwazi peke yake haukagui kitu. Mkaguzi ndiye anayekagua, na mkaguzi hula. Kwa hiyo sisemi vyama visilipe. Vilipe, tena vilipe vizuri, ila vilipie kazi ya matengenezo, na kazi hiyo wapewe vijana wa Nachingwea, Ruangwa na Lindi waliosomea kompyuta na sasa wanauza vocha. Programu ikiwa wazi, fundi akiwa mbaya unamwondoa na kumwita mwingine. Ikiwa imefungwa, fundi ndiye anayekuondoa wewe.

Tena mfano uko karibu. Takwimu za zahanati zetu kwa miaka mingi zimepita katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, iliyotokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga. Kama hesabu za malaria zinaweza kukaa humo, za korosho zina kigugumizi gani?

Lililobaki ni namna ya kuandika. Programu ya ghala haiandikwi na mtu ambaye hajawahi kushinda ghalani. Sisi wa Nachingwea tusiambiwe hilo na mgeni. Ujumbe wa Wakefield ulizunguka wiki 9 mwaka 1946, mpango wa karanga ukaanza 1947 kwa matrekta na kelele, ukaachwa 1951. Reli ya kutoka Mtwara ikafungwa 1962. Mwandishi wa programu aje mwezi Oktoba, akae na karani, atoe kipande kidogo, kikosolewe, akirekebishe, ndipo atoe kingine. Wala wasitafsiri tu na kuondoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili safi. Kazi njema, lakini mimi sijaiona katika ofisi ya chama hata kimoja.

Ajenda ninayoipeleka kwenye mkutano mkuu ujao ni fupi: mkataba wowote wa programu utaje kwamba maandishi yake yote na kumbukumbu za wanachama vitaachwa chama kikuu, na kwamba mwanachama akiomba kuonyeshwa makato yake yalivyokokotolewa, ataonyeshwa hatua kwa hatua. Barua nimekwisha kuiandika. Katibu ameigonga muhuri, na nakala ninayo.